Jumbe Aliyeshuka Kisimani

Kicheko cha mwanamke mmoja ndicho kilichompeleka Jumbe Mwinshehe kisimani. Hakumjua aliyecheka ni nani. Kilitoka nyuma ya kundi la watu, kikakatika ghafla kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, lakini kilikwisha kusikika, na kila aliyekuwapo alijua kwamba Jumbe naye amekisikia.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vijana warudi kutoka vita vya Hitla, wakati wa kiangazi, katika kijiji kilichoitwa Kwa Pazi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kiwangwa ukielekea pwani. Pazi alikuwa babu yake Mwinshehe. Kijiji kilichukua jina la babu, baba akakirithi, kisha yeye akakirithi kwa baba, pamoja na kigoda, bakora yenye kichwa cha fedha, na salamu. Salamu ndiyo hasa aliyoipenda. Tangu akiwa na miaka ishirini na mitano, watu waliomzidi umri walikuwa wakimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba bila kugeuza shingo. Sasa alikuwa na hamsini na kitu, na kijiji chake hakikuwa na maji. Wanawake walikuwa wakienda bondeni na kurudi jua limekwisha kuwa kali. Bwana Shauri wa Bagamoyo, Mzungu mtawala wa wilaya, alikuwa apite siku ya Alhamisi, na Mwinshehe alikwisha kumpelekea habari kwamba atakuta kisima kimefika majini. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mchimbaji alikuwa Ausi, mtu wa miaka arobaini kasoro, mwembamba, mikono mirefu, aliyejifunza kuchimba jeshini, huko Misri na Libya. Pale kijijini walimwita mzalia. Maana yake ni kwamba bibi yake aliletwa pwani na msafara, akanunuliwa, na kizazi chake kikazaliwa humo humo katika nyumba ya wenyewe. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kina Pazi. Utumwa ulikwisha kufutwa kwa sheria, ila sheria haikuwafikia watu midomoni. Mwinshehe hakupata kumwita Ausi kwa jina lake hata siku moja.

Asubuhi hiyo Ausi alipanda kutoka chini, pima saba, akajifuta uso, akasema, "Bwana Jumbe, nimeupita udongo mfinyanzi. Chini yake ni mchanga mtupu, na una unyevu. Maji yapo karibu, lakini kuta hazitasimama. Nipe boriti na mbao nizizuie. Siku tatu."

"Siku tatu sina."

"Basi sitashuka, bwana."

Mwinshehe aliinua bakora akamwelekezea. "Mzalia anaogopa mchanga? Huko vitani ulikwenda kufanya nini, kupika uji?"

Ausi hakuinua sauti. "Aliyeshuka ndiye ajuaye, bwana. Wewe umesimama juu."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka.

Mwinshehe aliweza kuamrisha apigwe. Angeweza kugeuka akaenda zake nyumbani. Alihisi macho ya watu mgongoni, mabegani, usoni, na yote yakamsukuma upande mmoja tu. Alivua kanzu, akampa Husseni, kijana aliyekuwa mwenzake Ausi wa kushika kamba. Akampa na kofia, na bakora. Akabaki na shuka na fulana. Akaketi juu ya ubao uliofungwa kambani, akasema, "Teremsha."

Ausi alisema, "Bwana, usifanye hivyo." Mwinshehe alimtazama mpaka kichwa chake kilipopita chini ya usawa wa ardhi.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya chungu kipya. Mdomo wa kisima ulionekana mdogo kama sinia. Alisimama, akaokota sururu ya Ausi, na ili wale wa juu wasikie ulivyo mgumu ule ukuta walioambiwa hausimami, akaupiga.

Ukuta haukulia. Ulitoa pumzi. Mchanga ulimwagika kama mtama unaotoka katika gunia lililopasuka, bila kishindo, ukamfunika miguu, ukapanda magotini. Alijaribu kuinua mguu, haukuja. Ubao wa kamba ulikuwa ukining'inia karibu na bega lake. Aliunyoshea mkono, na kule kujinyosha kukaleta mchanga mwingine. Ukafika mapajani. Ukafika kiunoni.

Hakupiga kelele. Baadaye, kwa miaka mingi, jambo hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Alijua kwamba anazama, alijua kwamba neno moja lingetosha, na neno lenyewe alikuwa nalo ulimini. Lakini juu walikuwa wamesimama watu wa Kwa Pazi wote, na Jumbe wao hakuwahi kuwaambia nisaidieni.

Kamba ilitikisika. Miguu miwili ikatokea juu ya kichwa chake, myembamba, yenye vumbi, kisha Ausi mzima. Alipiga magoti, akaanza kuchota mchanga kwa kifuu cha nazi alichoshuka nacho, akiurundika upande wa pili, haraka haraka lakini bila papara, kama mtu anayeijua kazi yake. Aliufukua mguu mmoja, kisha wa pili. Alipomaliza akainama, akaishika miguu ya Mwinshehe kwa mikono yake yote miwili, akaisukuma juu ili Jumbe ajikokote mpaka juu ya lile rundo.

Ukuta wa pili ukashuka.

Huu ulikuja kwa kishindo. Vumbi lilipotua, Mwinshehe alijikuta amekaa juu ya rundo, mgongo ukutani, mzima. Ausi alikuwa amefukiwa mpaka kifuani. Mkono mmoja ulikuwa nje. Ubao na ncha ya kamba vilikuwa chini ya mchanga, na Husseni alipovuta, kamba ilikatika.

"Msikaribie mdomo wa kisima," Ausi aliita, sauti ikimtoka kwa shida. "Kila mnapokanyaga mnatumwagia. Husseni, leta kamba nyingine. Na mbao. Ng'oeni milango."

"Milango ya nani?" Husseni aliuliza.

Mwinshehe akasema, "Yangu."

Sauti za watu zilisogea mbali. Wakabaki wawili.

Mwinshehe alikiokota kile kifuu akaanza kuchota. Alichota kwa muda mrefu, na kila alichokitoa kilirudi. Kifua cha Ausi kilikuwa kikipanda kidogo sana, na kila kilipotua mchanga uliingia pale kilipokuwa, na kupanda kunakofuata kukawa kudogo zaidi.

"Usifanye haraka," Ausi alisema. "Zuia tu usipande."

Mwinshehe alifanya kama alivyoambiwa. Baadaye akauliza, "Kwa nini umeshuka?"

"Kwa sababu ulinyamaza. Mtu anayezama hupiga kelele. Ulivyonyamaza nilijua kwamba utakufa kwa kuona haya."

Mwinshehe alitaka kukasirika, hasira ikamkataa.

"Zungumza nami, bwana," Ausi alisema. "Nikilala nitaacha kupumua."

"Sina mazungumzo."

"Basi nitazungumza mimi." Akapumzika kidogo. "Libya tulipiga kambi karibu na askari wa kisiwa kimoja cha mbali, huko kusini inakoishia dunia. Wanaitwa Wamaori. Rangi yao ya mdalasini. Mmoja wao, Rawiri, alikuwa akija jioni na birika la chai. Kiingereza changu cha kuokoteza, chake cha polepole, tukaelewana. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniuliza mlima wangu."

"Mlima?"

"Mlima wangu, mto wangu, na mtumbwi uliowaleta wazee wangu. Kwao ndivyo mtu anavyojieleza. Mlima kwanza, mto, wazee, na jina lake mwenyewe mwisho kabisa. Nikamwambia sina. Nikamwambia bibi yangu alinunuliwa." Alikohoa, na kukohoa kukamuumiza. "Nilidhani atasogeza birika lake. Akasema hakuna mtu asiye na mlima. Yuko mtu aliyefichwa mlima wake."

Kifuu kilisimama mkononi mwa Mwinshehe.

"Chota, bwana. Basi wana neno lao, mana."

"Maana?"

"Mana. Mimi pia nilisikia maana. Ni kama heshima, ila ni heshima yenye uzito, inayoweza kumfunika na mwingine asipate baridi. Nikamuuliza, mtu huzaliwa nayo au huichuma? Akasema yote mawili. Ipo unayoachiwa na wazee, kama kaa la moto ulilopewa jikoni kwao. Ukilishika tu bila kulitia kuni litazimika, na likizimika umewazimia na wao. Na ipo unayopewa na watu wakiona unavyowatunza. Ila hakuna anayejipa mwenyewe. Wana msemo wao, kwamba kiazi kitamu hakisimulii utamu wake."

"Yeye alikuwa nani huko kwao?"

"Mjukuu wa mkubwa wao. Niliambiwa na wenzake. Yeye mwenyewe nilikuwa nikimwona anaosha masufuria ya kikosi, wengine wamekwisha kula."

Juu kabisa jua lilikuwa limehama. Ukuta mmoja tu ndio uliokuwa na mwanga. Mwinshehe alitazama uso wa yule mtu mbele yake, ulioanza kuwa na rangi ya jivu, na kitu alichokuwa amekilalia kwa miaka arobaini kikamwinuka kooni. Alikijua tangu utotoni. Baba yake alimwambia, siku alipomkuta anakitaja, kwamba mtumwa mwenye asili si mtumwa tena, na akamwamuru akisahau. Hakukisahau. Alikikalia.

"Bibi yako alinilea," alisema.

"Najua. Bi Zafarani."

"Hakuitwa Zafarani. Hilo walimpa huku. Aliitwa Kulwa."

Ausi alifumbua macho yote mawili.

"Alikuwa pacha. Mwenzake, Doto, alibaki. Alikuwa akinibeba mgongoni na kunisimulia, mimi mdogo sana, akidhani sielewi au akitaka angalau mmoja aelewe. Alikuwa Mnyamwezi. Mto wa kwao ni Igombe. Na kijiji chao kilikuwa chini ya kilima cha mawe makubwa yaliyobebana, jiwe juu ya jiwe."

"Kilima kinaitwaje?"

Mwinshehe alitafuta. Alikumbuka mgongo wa yule mwanamke, harufu ya mafuta ya nazi, mtikisiko wa hatua zake. Alikumbuka sauti ikilitaja jina. Jina lenyewe halikuwapo.

"Nimelisahau," alisema. "Niliambiwa, nikalisahau."

Machozi yalimtoka Ausi yakafanya mifereji miwili katika vumbi, na mkono wake wa nje haukufika kuyafuta. Mwinshehe aliyafuta kwa ncha ya shuka yake, hakujua lini aliamua kufanya hivyo.

Kamba mpya ilishuka adhuhuri ikikaribia kwisha. Ilikuwa na kitanzi. "Bwana Jumbe kwanza," watu walisema kutoka juu, sauti nyingi kwa pamoja. "Mtoeni Bwana Jumbe kwanza."

"Panda," Ausi alisema kwa sauti ndogo. "Mbao zitakuja."

Mwinshehe alikipitisha kitanzi kwapani. Alijiambia kwamba akifika juu atawasimamia vizuri zaidi. Alijiambia mambo mawili matatu mengine. Kamba ikakaza, miguu ikaachana na rundo, na mwili wake wote ukafurahi. Alipanda dhiraa moja, mbili, tatu. Hewa ilikuwa ya moto na tamu. Kisha akatazama chini. Mchanga wa ukuta aliokuwa akiuzuia kwa mgongo wake ulikuwa ukiteleza taratibu kuelekea kwa Ausi. Ulifika shingoni. Ausi alikuwa ameinua kidevu na kumtazama, hakuwa akimwita.

Dhiraa ya nne. Ya tano. Alipanda dhiraa ya tano akiwa anaona.

"Nishusheni," alisema. Hawakusikia, wakavuta tena. "Nishusheni. Leteni milango."

Walimshusha. Akaweka mgongo mahali pake, akafukua kidevu, akafukua shingo. Milango ya nyumba yake ilishuka mmoja mmoja, ya mbao ya mvule, yenye nakshi zilizochongwa enzi za babu yake. Ausi alimwelekeza kwa maneno machache: huu ukandamize hapa, huu uusimamishe nyuma yangu, weka boriti kati. Kucha za Mwinshehe ziling'oka tatu. Alipoita "vuta" kwa mara ya mwisho ilikuwa alasiri, na aliyepanda kwanza alikuwa Ausi, mguu wa kushoto ukining'inia vibaya.

Kisima kile kilifukiwa. Lakini habari yake haikufukika. Bwana Shauri alipokuja Alhamisi hakuuliza maji; alikwisha kusimuliwa njiani. Alimpa Mwinshehe mkono mbele ya watu, akasema mengi, na karani akayafasiri: Jumbe aliyeshuka kisimani kumwokoa mtu wake, aliyekataa kutoka kwanza.

"Sivyo," Mwinshehe alisema. "Yeye ndiye aliyeshuka kuniokoa mimi."

Karani alitabasamu, akatafsiri, na Bwana Shauri akatabasamu pia.

Ijumaa, baada ya sala, alisimama barazani mwa msikiti akawaambia wazee kwamba Ausi alimwonya, kwamba aliteremka kwa kiburi, kwamba ukuta aliuangusha kwa mkono wake. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Mzee Bwanaheri, aliyekuwa mkubwa wao, akasema, "Mnamwona? Mwenye nasaba hajisifu." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Kila alipokana, walimpandisha. Kina mama walimwamkia kwa kupiga goti, jambo lisilokuwapo kabla. Watu wa Lugoba waliokuja kwa mashauri waliomba waonyeshwe milango yake, iliyorudishwa na mikwaruzo yake. Alitembea kijijini kama mtu aliyevishwa joho lisilo na mahali pa kufungulia. Na zile dhiraa tano hakumwambia mtu. Alijaribu mara moja, kwa mkewe, Mwanajuma; naye akamwambia, "Ulikuwa umechoka, baba. Mchanga ulikupanda kichwani," akamtilia chai.

Siku ya ishirini alikwenda kwa Ausi. Alibisha hodi, na Mwaija, mkewe Ausi, akamkaribisha bila kumtazama usoni, akatoka nje. Ausi alikuwa kitandani, mguu umefungwa vigongo.

"Bwana," Ausi alisema. Hakumwamkia.

Mwinshehe alikaa juu ya mkeka. "Nilipanda dhiraa tano," alisema. "Nilikuwa nakuona."

"Najua. Nilikuwa nakuona pia."

"Watu hawataki kunisikia. Wewe ukisema watakusikia."

"Watasema mzalia hana shukrani."

Ilikuwa kweli, na Mwinshehe aliijua kuwa kweli kabla haijatamkwa. Akauliza lile alilokuja kuuliza. "Yule Rawiri wako angeniweka wapi? Wewe unaniweka wapi?"

Ausi alijigeuza taratibu, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Bwana, mimi nina mguu unaoniuma na kilima nisichokijua jina. Hayo ya kwako usiniulize mimi."

Mwinshehe alikwenda Bagamoyo kwa dada yake mkubwa, Bi Zuleha, kumuuliza jina la kilima. Bi Zuleha alimwambia mambo ya watumwa hakuwa akiyasikiliza. Aliwauliza vikongwe wa Kiwangwa. Usiku na mchana alilitafuta kichwani, na mara nyingine lilimjia mpaka ncha ya ulimi, likarudi.

Vuli ilipokwisha, Ausi aliweza kutembea kwa fimbo. Alikata shauri kwenda Tabora kwa reli, kuuliza watu wa mto Igombe kama kuna ukoo uliopoteza pacha. Mwaija angemfuata baadaye. Asubuhi ya kuondoka, Mwinshehe alimkuta njiani, amesimama na Husseni aliyembebea mzigo.

"Huna uhakika utawapata," Mwinshehe alisema.

"Sina."

"Ukikipata kilima, niletee habari ya jina lake."

Ausi alifikiri. "Nitaona," alisema. Kisha akampa mkono, na kwa mara ya kwanza akasema jina lake tupu. "Kwaheri, Mwinshehe."

Husseni alishtuka, akamtazama Jumbe akingoja bakora iinuke. Mwinshehe aliushika ule mkono muda mrefu kidogo kuliko desturi.

"Kwaheri, Ausi," alisema.

Aliwatazama mpaka walipopotea kwenye mikorosho. Mwezi wa Mfunguo Tatu Mwaija alifunga vyombo vyake akaondoka, na habari haikuja. Mwinshehe alikaa katika ujumbe miaka minane zaidi. Aliandikisha barua mara mbili kwamba anataka kupumzika, na mara mbili wazee wakaenda Bagamoyo kumwombea abaki. Mgeni alipoingia kijijini, kabla hajapewa maji yaliyotoka bondeni, alisimuliwa habari ya Jumbe na kisima. Mwanzoni Mwinshehe alikuwa akiwakatiza na kuwasahihisha. Baadaye aliacha, akawa anainama na kutazama kucha zake tatu zilizoota zimepinda, akingoja wamalize. Walipomaliza, mgeni alikuwa akigeuka na kumwambia, "Shikamoo, bwana," naye ilimbidi aitikie.